Tulirarua Nguo Zetu Tukaenda kwa Fundi

Nyinyi vijana mnaoingia hii kazi sasa, mkipita hapa Kitale na fulana zenu zimeandikwa mgongoni, mimi nawaangalia kutoka kwa mlango wangu na nasikia wivu. Si wivu mbaya. Ni ule wa mtu ameshakula lakini harufu ya chapati inatoka kwa jirani. Magoti ndiyo yalinistaafisha. Mdomo ungeendelea bado, lakini mdomo hauwezi kwenda kijijini Myanga peke yake.

Naitwa Nanjala. Nilizaliwa Matulo, nikaolewa Kitale, na shule niliiachia form two. Shule haikulia na mimi sikulia. Niliajiriwa kupika chai kwa ofisi moja ndogo iliyokuwa inafanya mambo mawili: kufundisha watu vile wanaweza kuzuia ubakaji, na kusimama na wale ambao tayari umewapata. Mimi nilikuwa nasimama na sufuria.

Sasa siku moja tulikuwa twende kuigiza kwa soko ya mji mmoja unaitwa Kwanza, na yule jamaa wa kuigiza mlevi msumbufu hakutokea. Kumbe amelewa kweli. Wakaangalia huku na huku, wakaniona. Nikavaa koti yake, nikapaka makaa hapa chini ya pua, nikaingia katikati ya watu. Walicheka mpaka mama mmoja akakalia nyanya za wenyewe. Kutoka hiyo siku nikawa mwanaume wa ofisi, na chai ikaanza kupikwa na mwingine, mbaya sana.

Aliyenifundisha kazi ni Wanjiru, mwanasaikolojia wetu. Hiyo neno mpaka leo nikitaka kuitamka meno yanajipanga kwanza. Wazazi wake ni Wakikuyu wa kule Kwanza, watu wa mahindi, na yeye alikuwa amesoma mpaka vitabu vikaisha, lakini jikoni alikunywa chai na kikombe ya plastiki kama mimi. Watu walimwita daktari. Alikuwa anawaambia yeye hana sindano. Mimi aliniita Mama Nanjala, na mimi nilimwita mtoto wangu hata mbele ya mdosi, mkubwa wetu wa ofisi.

Hiyo siku ya Kwanza tukirudi mimi nilikuwa kichwa kimefura. Wanjiru akaniuliza, "Mama Nanjala, walicheka wapi sana?"

Nikamwambia kila mahali, si ameona mwenyewe.

"Lakini wapi zaidi?"

Nikafikiria. Walicheka zaidi pale msichana wa maigizo anataka kupita na mtungi wake, akienda kushoto mlevi anaenda kushoto, akienda kulia mlevi yuko hapo. Nilikuwa nimeirudia mara nyingi kwa sababu ilikuwa inalipa.

Halafu akasema, "Kuna mwanamke alikuwa hapo amesimama na njia yake ilizibwa hivyo hivyo. Leo amesikia soko mzima ikicheka."

Bana, hakunigombeza. Alisema tu hivyo akaangalia mahindi ya watu huko nje. Wiki iliyofuata tulitoa kicheko pale tukakipeleka mahali pengine. Mlevi akiziba njia, mimi nilikuwa naifanya polepole, bila mchezo, watu wananyamaza mpaka unasikia mbuzi. Halafu mama wa kuuza sukuma wiki anakuja anamuuliza msichana kama mama yake ametoka hospitali. Jamaa wa boda anakuja anamuuliza kama ule mzigo wake wa jana ulifika. Wanamzunguka, wanaondoka na yeye, na mlevi anabaki hapo akiongelesha mtungi. Hapo ndio walikuwa wanacheka. Watu wa boda wa Matulo walipenda hiyo sana. Walikuwa wanafikiri kuzuia ni lazima upigane, na wengi wao, niseme ukweli, ngumi hawana. Mmoja aliniambia, "Kumbe ni kuuliza tu swali ya ujinga? Maswali ya ujinga niko nayo mingi." Basi hata nyinyi, mkiona mtu amembana msichana mahali, si lazima muwe mashujaa. Ulizeni huyo msichana swali ya ujinga. Atashika.

Sasa nataka niwaambie juu ya Nekesa. Si jina lake. Wanjiru alimuuliza baadaye kama tunaweza kusimulia ndio wengine wajifunze, akasema tusimulie yote, jina tu tumwachie.

Nekesa alikuwa fundi wa nguo huko Myanga, msichana mkubwa, bado hajaolewa, anakaa kwa wazazi wake. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga na mguu, ameiweka kwa veranda ya duka. Aliyemkosea alikuwa mfanyabiashara wa hapo hapo, mtu wa kusalimiwa na mikono miwili akitoka kanisani. Alichofanya sitasema, na nyinyi mkisimulia habari za watu msiseme hiyo sehemu. Hakuna mtu anaihitaji.

Mamake alifanya vizuri sana. Alikuwa ametusikia sokoni tukisema ati mtu asioge kwanza, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwa karatasi na si kwa plastiki kwa sababu kwa plastiki zinaharibika, na aende hospitali mbio kabla siku tatu ziishe ndio apate dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Mama alifanya yote, polisi wakaandikisha, kesi ikaingia korti ya Bungoma. Ilikuwa imebaki kitu moja tu. Nekesa asimame mbele ya hakimu aseme mwenyewe. Na Nekesa alikuwa ameacha kuongea. Hata nyumbani. Akiulizwa kama amekula anatingisha kichwa. Siku ya korti ilikuwa inakuja, na bila yeye yule mtu angerudi kukaa kiti yake ya mbele kanisani. Mama akapigia ofisi simu.

Tulienda na gari. Sasa hiyo gari yetu, kwa ubavu zote mbili, tulikuwa tumeandika KOMESHA UBAKAJI, na rangi nyekundu, herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya mto. Tulikuwa tunajivunia hiyo maandishi, tulipiga nayo mpaka picha. Tukaingia nayo Myanga mchana, tukapita sokoni, tukaingia kwa boma ya Nekesa mpaka karibu na jikoni. Mimi niko mbele nimetoa mkono kwa dirisha napungia watu kama mheshimiwa.

Wanjiru alipofungua mlango, ua ilikuwa imejaa. Watoto, mama na majembe, mzee mmoja ametoka posho mill na unga kwa nyusi. Wote wanasoma gari. Nekesa alitoka jikoni akasoma pia. Halafu akaingia kwa migomba, na hatukumwona tena hiyo siku.

Mamake hakutukosea adabu. Alituletea chai. Lakini alipokuwa anamimina alisema polepole, "Sasa hata wale walikuwa hawajui, wamesoma."

Kutoka hapo mpaka tupite Webuye hakuna mtu aliongea, hata mimi, na dereva alianza kuniangalia kama mtu mgonjwa. Halafu Wanjiru akaniuliza, "Mama Nanjala, fundi wa nguo anatembelewa na nani?"

"Na mtu ako na nguo imeraruka."

Kesho yake asubuhi alikuja ofisini na sketi nzuri ya bluu, akaingia jikoni kwangu, akaishika na mikono miwili akairarua kwa mshono. Nilimuuliza kama ameachana na mtu. Akaniambia nitafute nguo yangu.

Hivyo ndivyo tulianza. Gari tuliiacha Bungoma mjini, tukachukua boda kama watu wengine. Wanjiru na sketi yake kwa mfuko, mimi na dera. Ile mara ya kwanza alimwambia Nekesa kwa sauti ya chini yeye ni nani, na kwamba ameleta sketi, na kama anataka tu kushona sketi basi atashona sketi na sisi tutalipa twende. Nekesa akaangalia mraruko. Fundi hadanganyiki, anajua nguo imeraruliwa na nguo imeraruka. Akamwangalia Wanjiru. Akakaa, akashona. Hakusema kitu. Tukarudi na nguo zimepona.

Tulirudi tena na tena. Tuliporarua zetu zikaisha tukaenda kwa wengine. Mhasibu alitoa suruali analalamika ati hiyo ilikuwa ya harusi ya ndugu yake. Mdosi alitoa koti, mimi mwenyewe nikaitoboa bitana, na sitadanganya, niliskia raha. Hakuna ofisi Kitale ilikuwa na nguo zimeshonwa kama yetu.

Na sasa sikilizeni hii, ni ya maana kwenu. Cherehani ya mguu ina kelele. Mtu wa saluni hapo kando hawezi sikia kile kinasemwa. Na mtu anayeshona anaangalia sindano, hakuangalii wewe. Wanjiru aliketi kando yake, ubavu kwa ubavu, na yeye pia akaangalia sindano. Siku moja tu hivi, mguu unakanyaga, Nekesa akaanza kuongea. Kidogo, kama mtu anaongelesha kitambaa. Mguu ukisimama, maneno inasimama, na Wanjiru naye anasimama, haulizi. Anangoja. Mguu ukianza tena, wanaendelea. Nyinyi mmefundishwa kuketi uso kwa uso na mtu, na kalamu mkononi. Wakati mwingine hiyo ni polisi. Kaeni ubavu. Angalieni kile anaangalia.

Mimi kazi yangu ilikuwa benchi ya nje. Mteja akija na kitambaa chake, namshika na hadithi. Nilisimulia vile niliolewa, vile niliigiza mwanaume mpaka mwanamke mmoja wa Kwanza akaniuliza kama niko na bibi. Watu wa Myanga walifikiri mimi ni mwendawazimu mwenye nguo nyingi mbovu. Hiyo benchi ndiyo mahali nimewahi kutumia mdomo wangu vizuri kuliko mahali popote, na hakuna hata neno moja lilikuwa la maana.

Basi, alikuwa ameanza kuongea. Hata nyumbani mamake alisema sasa anaomba chumvi. Halafu ng'ombe ikaja.

Mnajua vile inafanyika. Wazee wa huku na wazee wa huku wanakaa, wanasema haya mambo tumalize nyumbani, korti ni ya kuaibisha watu. Sheria haitaki, hii si kesi ya mbuzi kuingia shamba, lakini wanakaa. Watu wa yule mfanyabiashara walileta ng'ombe changa ya kike, ya rangi ya kahawia, ikafungwa kwa boma karibu na jikoni. Na babake Nekesa, tumwite Mzee Wafula, alipokea kamba.

Nilienda kwake nikiwa nimejaa maneno. Yeye alikuwa amechoka tu, macho yake nyekundu. Aliniambia, "Nanjala, nyinyi mtarudi Kitale. Mimi nitabaki hapa na hawa watu. Nitazikwa na hawa watu." Maneno yangu nikarudi nayo hivyo hivyo.

Siku ya korti ilikuwa imebaki karibu kabisa. Tulienda kwa Nekesa na koti ya mdosi, ilikuwa siku ya soko, watu ni wengi. Nikakaa kwa benchi yangu. Cherehani ikalia kidogo ikanyamaza. Ikalia ikanyamaza. Kisha nikamsikia, kwa sababu hakukuwa na kelele ya kumficha.

"Nitaambia hakimu nini, na ng'ombe inakula nyasi kwetu?"

Wanjiru akangoja. Halafu akamuuliza, "Wewe unataka nini?"

Jameni, hilo swali. Mimi hapo nje nilikuwa na majibu kama kumi. Nilitaka kuingia nimwambie mwanangu, sema, simama, usiogope, tuko na wewe. Niliuma ulimi kweli kweli. Nilijua nikisema neno moja litakuwa langu na si lake.

Akakaa. Soko inapiga kelele yake. Halafu akasema, "Nataka isiniangalie."

Akaamka. Aliacha koti ya mdosi imekwama kwa sindano, mkono moja unaning'inia, akatoka akapita mbele yangu akaenda kwao. Mimi nikasimama nimfuate. Wanjiru akanishika dera.

"Mwache, Mama."

"Anaenda wapi?"

"Sijui. Lakini anaenda mwenyewe."

Tulikaa hapo. Nilimwona Wanjiru akishika makali ya meza ya cherehani kwa nguvu, na hapo ndio nilijua yeye pia anaogopa. Halafu tukamwona Nekesa. Anakuja kwa barabara ya soko, katikati, na kamba mkononi, na ile ng'ombe nyuma yake. Kwa yule mfanyabiashara ni upande ule mwingine wa soko. Kuna njia ya nyuma, ya mashambani, yeye anaijua tangu utoto. Alichukua ya mbele.

Watu walianza kunyamaza kutoka upande aliotokea, unasikia kelele inazimika duka kwa duka. Yeye haangalii mtu. Na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe haina habari, ikafika kwa mama mmoja wa kabichi ikasimama ikaanza kula. Nekesa akavuta. Ng'ombe ikakataa. Akavuta tena. Hapo nikafikiri basi, ameisha, sasa atawacha kamba aende kwa migomba na hatutamwona tena. Na huyo mama wa kabichi nilimjua, alikuwa kwa ua ile siku ya gari, mstari wa mbele, anasoma.

Mama akaamka kwa kiti chake. Akachukua ile kabichi imeumwa, akaiweka mbele ya pua ya ng'ombe, akaanza kutembea kinyumenyume. Ng'ombe ikamfuata.

"Pita nayo, mwanangu," akasema. "Pita."

Wakapita hivyo wote watatu, Nekesa na kamba, mama na kabichi, mpaka kwa geti ya yule mtu. Nekesa akafunga kamba kwa geti. Hakubisha. Akarudi. Mama wa kabichi alirudi naye kando, bila kumshika, na mimi niliona amejifunza hiyo peke yake, hakuna mtu alimfanyia semina. Nekesa akakaa kwa cherehani, akamaliza koti.

Kortini hawakuturuhusu kuingia. Kesi kama hizo mlango unafungwa, na ni vizuri. Wanjiru alikuwa amempeleka mapema akaona chumba, akaona mahali atasimama, akajua anaweza kuomba maji. Kisha akabaki na sisi nje. Na Mzee Wafula alikuja. Hatukumtarajia. Alikuja na koti na kofia, akakaa mwisho wa benchi mbali na mimi, na yeye ndiye alianza kuongea.

"Hiyo ng'ombe nilikuwa nimeshaipatia jina," akasema.

Nikamuuliza jina gani. Akakataa kusema. Nikamuuliza tena, mimi ni mbaya. Akatoa kofia akajipangusa uso mzima nayo, na akaiweka hapo kwa uso muda mrefu, na mimi nikaangalia ukuta.

Mlango ulipofunguliwa Nekesa akatoka. Alitembea mpaka kwa babake. Babake akasimama.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Twende basi ule."

Wakaenda. Yule mtu alifungwa, si hiyo siku, korti haina haraka, lakini alifungwa. Kanisani kiti yake ilikaliwa na mwingine.

Vijana, sijui kama mnajua vile hiyo kazi inakaa kwa mwili. Wafadhili walienda, ofisi ikafungwa, sasa hapo ni duka ya madirisha. Gari iliuzwa, nasikia inabeba maziwa upande wa Kapenguria. Wanjiru alipata kazi Lodwar. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila Jumapili, sasa anapiga akipata mtandao, na mimi nikisikia sauti yake namwambia niko sawa, magoti iko sawa, halafu nikikata simu nakaa hapo nimeishikilia kama kifaranga. Natamani barabara ya Myanga. Natamani ile benchi. Natamani kuulizwa tena walicheka wapi. Wakati mwingine nikiwa peke yangu nafanya yule mlevi hapa jikoni, lakini bila watu ni mama mzee tu na makaa kwa uso.

Wanjiru alinifundisha kitu moja wakati tunafunga ofisi, na ndiyo ngumu kuliko zote, ndio maana nimeiacha mwisho. Aliniambia nikikutana kwa njia na mtu tulimsaidia, nisimsalimie kwanza. Labda ako na bwana, ako na rafiki, na watamuuliza, huyu mama unamjulia wapi? Sasa utakuwa umemrudisha mahali ametoka. Akitaka, atanisalimia yeye. Akipita, nimwache apite. Na hii anaambia mimi, mtu anasalimia watu kutoka ng'ambo ya barabara mpaka magari yanasimama.

Juzi nilikuwa soko hapa Kitale, nimeinamia vitunguu. Nikasikia sauti. Mwanamke anabishana bei ya vitambaa, anaongea haraka, juu juu, anamwambia muuzaji hiyo pamba yake mvua ikinyesha itakuwa ya mtoto. Wenzake wanacheka. Muuzaji anamwomba, "Mama, si upunguze sauti, unanifukuzia wateja." Naye anaongeza. Nikainua kichwa.

Alikuwa amenenepa kidogo, ako na mtoto mgongoni. Aliniona. Najua aliniona, kwa sababu alisimama katikati ya neno. Mimi nikarudisha macho kwa vitunguu. Nilishika kimoja nikakigeuza, nikakigeuza. Halafu nikamsikia ameanza tena palepale alipoachia, pamba na mvua, na wenzake wakacheka tena.

Walipita nyuma yangu karibu kabisa, kanga ya mtoto ikanigusa mkono. Bado alikuwa anaongea. Nikabaki nimeinama hapo namsikiliza, mpaka mama wa vitunguu akaniuliza kama nanunua ama naombea, na sauti ya Nekesa ikaenda, ikaenda, ikaingia kwa zile zingine zote za soko, na sikumwita.